Hori la Kwandu

Kwandu hakuwa na viatu. Hakuwa na mkoba, wala dada wa kumsuka nywele. Hakuwa na rafiki wa kukaa naye dawati moja, kwa sababu hakuwa na Kiswahili cha kumwita. Hilo la mwisho ndilo lililomliza.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Yeye na baba yake, Mzee Nshoma, walihamia kijiji cha Nemba na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, mwaka ule malori ya chakula yalipokuwa yakipita Biharamulo kuelekea kambi ya wakimbizi ya Benaco. Nyumbani walizungumza Kisukuma tu. Darasani Kwandu alinakili kila neno la ubaoni kwa mwandiko mzuri, akalikariri, kisha akanyamaza. Aliogopa kuchekwa.

Asubuhi moja alikwenda chemchemi kuteka maji. Alimkuta Asmaa, mwanafunzi mwenzake, binti wa wenye duka, amembeba mdogo wake Idi mgongoni.

"Ji! Ji!" Idi alilia.

"Haya, bwana mkubwa. Unataka maji? Maji haya hapa," Asmaa alisema, akamnywesha kwa kiganja.

Kwandu aliduwaa. Mtoto ametamka nusu ya neno, na maji ameyapata. Hakuna aliyemcheka. Kwandu akavuta pumzi, akaionyesha kwa kidole kata ya Asmaa ya kuchotea maji.

"Mimi... taka kata."

Asmaa aligeuka. "Kumbe unaongea! Unataka kata? Chukua kata, shoga yangu." Alicheka, lakini kicheko chake hakikuuma.

Tangu hapo Kwandu aliongea bila kuchoka. Alipokosea, Asmaa alimrudishia maneno yakiwa yamenyooka, kama alivyomfanyia Idi.

Mvua zilipokatika, maji yakapungua. Ng'ombe wakawa wanakunywa palepale watu walipoteka, na watoto wengi wakaanza kuhara. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pancras, aliitisha mkutano penye chemchemi. Akatangaza kwamba wafugaji wote waondoke kabla ya Jumapili.

"Nitakurudisha kwa bibi yako Shinyanga," baba alimnong'oneza Kwandu kwa Kisukuma. "Mimi nitahangaika na ng'ombe porini. Shule ndiyo basi."

Kwandu alisimama mbele ya watu wazima.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Baba alichimba. Hapa chini. Nyinyi... kataa."

"Tulikataa, ndiyo!" mama mmoja alidakia. "Anayechimba leo, kesho atasema kisima ni chake!"

"Si kisima!" Kwandu alilitafuta neno, hakulipata.

"Hee, ndama ameanza kuongea!" kijana mmoja alidhihaki, na wenzake wakaangua kicheko.

Kwandu hakukaa. Alipiga magoti, akafinyanga tope likawa kama bakuli refu. Akachota maji kwa kata, akayamimina humo. Akapanga vijiti kuizunguka chemchemi. Kisha akaweka vidole kichwani kama pembe, akatembea mpaka kwenye bakuli, akajifanya anakunywa kwa kelele. Watu walicheka tena, lakini safari hii walisogea karibu waone.

"Hori!" Asmaa alipaza sauti. "Anasema hori la kunyweshea ng'ombe!"

"Hori," Kwandu alirudia. "Kwetu ng'ombe hafiki penye maji. Mtu anateka, anamimina. Hapa tunaweka miiba."

Mzee Pancras alimgeukia baba yake. "Sasa wewe Nshoma, ulimi ulikuwa umeuweka wapi?"

"Kiswahili, ndugu yangu... kidogo sana."

"Haya, jengeni. Tutaona hiyo Jumapili."

Hori la kwanza lilivuja lote. Kwandu aliusugua udongo wake kati ya vidole, akaona una mchanga mwingi. Akakumbuka kichuguu kikubwa nyuma ya shule, kisichoyeyuka hata kwa mvua. Yeye, Asmaa na wanafunzi wenzao wakakibomoa, wakauponda udongo wake na kulikandika hori upya. Wale vijana waliomdhihaki wakakata miiba ya uzio.

Jumapili ng'ombe walikunywa horini, na ndani ya uzio maji yalikuwa safi. Mzee Pancras alichota, akanywa, akafuta mdomo.

"Mtakaa," alisema.

Siku iliyofuata Mwalimu Telesfori aliwaambia wanafunzi wake, "Wanangu, mtoto mchanga hasubiri ajue kusema ndipo aseme. Anasema, anakosea, anajua. Kwandu alijifunza lugha hivyo, na hori alilitengeneza hivyo. Lilipovuja hakulia, aliuliza kwa nini. Nanyi msione haya kujaribu, wala msimcheke anayejaribu. Mngemnyamazisha, leo tungekuwa bado tunakunywa tope."

Jioni ile Kwandu aliandika barua ya Kiswahili, ambayo katekista wa huko Shinyanga angemsomea bibi kwa Kisukuma.

"Bibi, shikamoo. Usinitandikie kitanda. Siji, nasoma. Baba mzima, ng'ombe wazima. Nina rafiki, anaitwa Asmaa. Nakosea maneno mengi, lakini wananielewa."

Aligandisha bahasha kwa ugali laini, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Barabarani lori tupu lilikuwa limesimama, likitoka Benaco kwenda Shinyanga.

"Shikamoo, mjomba. Naomba uipeleke hii Shinyanga, kwa katekista."

"Marahaba. Umeandika mwenyewe?" dereva aliuliza.

"Mwenyewe."

Dereva aliitia barua mfukoni mwa shati, akawasha gari, akaondoka.