Mzee Mwesiga na Kidonge cha Maji

Kila asubuhi, Mzee Mwesiga wa Kamachumu alimeza dawa zake za moyo kabla ya kwenda shambani. Moja aliichukia. Aliiita kidonge cha maji, kwa sababu ilimpeleka nyuma ya migomba kukojoa mara kwa mara mpaka mchana.

Binti yake, Kokuhirwa, alikuwa anaposwa. Jumamosi wageni wangetoka Kaagya kuleta posa. Katika kikao kama hicho, mwenye nyumba hainuki wageni wakizungumza. Akiinuka, watasema amewadharau. Kwa hiyo tangu Jumatano mzee aliacha kile kidonge bila kumwambia mtu.

Ijumaa viatu vyake vilikataa kuingia.

"Taata, miguu imevimba," Kokuhirwa alisema.

"Viatu vimekauka kwa kukaa," alijibu.

Asubuhi ya Jumamosi mkewe, Yuster, alimkuta ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Akilala chali, pumzi ilimwisha. Yuster alitaka wageni waambiwe wasije. Mzee alikataa. Ndizi zilikuwa jikoni, wageni walikuwa njiani.

Wageni walipofika, Kokuhirwa alikuwa chumba cha ndani akisubiri kuitwa, kama ilivyo desturi. Nyuma ya pazia alimsikia baba yake akisalimia. Neno moja, kisha pumzi. Neno jingine, kisha kikohozi. Msemaji wa wageni, Mzee Yoeli, alitania kwamba mwenye nyumba amekuja mbio kutoka shambani. Watu walicheka.

Kokuhirwa alitoka bila kuitwa. Kicheko kikakatika. Alipiga magoti mbele yao.

"Wazee wangu, nisameheni. Taata hawezi kupumua. Naomba gari lenu."

Mzee Yoeli aliinuka. Alimshika Mzee Mwesiga mkono, akamwongoza hadi garini.

Hospitalini Bukoba mzee aliwekewa oksijeni na kuchomwa sindano ya kutoa maji. Alipoweza kuongea, Gaudensia, muuguzi wa kliniki ya moyo, alimuuliza kuhusu dawa. Mzee alisema kweli. Kile kidonge alikiacha tangu Jumatano, ili asiinuke mbele ya wageni. Yuster aliinamisha kichwa.

"Moyo wako umedhoofika, baba," Gaudensia alisema. "Hausukumi damu vizuri. Maji yanabaki mwilini. Yanajaa miguuni, halafu kwenye mapafu. Kidonge kile ndicho kinayatoa."

"Na kikao je?"

"Ungetuuliza. Tungekupangia saa ya kumeza siku hiyo. Usiache dawa mwenyewe, hata ukijisikia mzima."

Alimwambia Yuster apunguze chumvi. Mzee naye apime uzito kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya kula. Ukipanda kilo mbili kwa siku mbili au tatu, au miguu ikivimba, aje haraka, asingoje tarehe ya kliniki. Pumzi ikibana, aletwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nyumbani hakukuwa na mizani. Kokuhirwa alikumbuka ile ya kusimama juu yake, ambayo jirani hupimia magunia ya kahawa.

"Inafaa," Gaudensia alisema. "Tumia hiyo hiyo kila siku."

Wageni walirudi baada ya mavuno ya kahawa. Mzee Mwesiga alikuwa amehudhuria kliniki zake zote, na viatu vilimwingia. Mzee Yoeli alipokuwa katikati ya maneno, mwenye nyumba aliinuka. Wageni wakatazamana.

"Waitu, mzee mwenzangu, sijakudharau," alisema. "Ni kile kidonge."

"Nenda," alisema Mzee Yoeli. "Posa inangoja."

Alirudi kwa miguu yake, akaketi, akaijibu posa kwa pumzi moja.