Bangili ya Mama na Harufu ya Udi

Lehemu ilikataa kuyeyuka. Amida aliusogeza mwali mdogo karibu na bangili ya fedha, akauondoa, akaurudisha. Mara ya tatu sasa. Kipande cha lehemu kilikaa tu juu ya ufa kama punje ya mchele.

Bangili ilikuwa ya marehemu mama yake. Jumamosi mdogo wake, Zahra, angeolewa kule Kimbo, Ruiru, na alikuwa amesema hatavaa nyingine. Leo ilikuwa Alhamisi.

Amida alizima tochi yake ya gesi. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza hereni na pete katika chumba chao cha kulala, Kiganjo, Thika. Tochi yake ndogo, ile ya kujazwa gesi ya kibiriti, ilimtosha. Dirisha alilifunga daima, upepo usimchezee moto.

Mume wake, Sele, aliingia na mtungi wa gesi begani. Mkononi alikuwa na tochi kubwa aliyoazima kwa Maluki, fundi wa kuziba paa kwa lami.

"Mama Leila, hii moto inatengeneza paa ya godauni. Bangili itaisumbua?"

"Bangili si paa, Baba Leila."

"Basi jaribu kidogo tu. Kesho kutwa ni harusi."

Paipu ya gesi ilikuwa kuukuu. Sele aliifunga kwa waya, akafungua mtungi. Amida alisikia harufu ya gesi, kisha hakuisikia tena. Kila Alhamisi alasiri alifukiza udi, kama alivyofanya mama yake. Makaa ya chetezo yalikuwa yameshazima, lakini harufu ilikuwa bado imejaa chumbani. Akachukua kibiriti.

"Hodi," mtu aliita.

Alikuwa Madhuri, yaani Mama Nikita, sonara wa mjini Thika, aliyefundishwa kazi na baba yake. Alikuwa amemletea Amida lehemu nyingine. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Mama Leila, usiwashe," alisema polepole. "Sele, funga mtungi. Fungua dirisha, na usiguse swichi ya taa. Halafu tutoke wote."

Walikaa nje hadi chumba kilipopata hewa safi. Kisha Sele akautoa mtungi hadi barazani. Madhuri alipaka maji ya sabuni kwenye paipu, akafungua gesi kidogo. Penye waya, povu lilivimba na kupasuka, likavimba tena.

"Lakini ile harufu ilipotea, Mama Nikita," alisema Amida.

"Haikupotea. Udi uliifunika. Gesi hutiwa harufu mbaya makusudi, ili itushtue. Tena ni nzito. Hushuka, ikatanda sakafuni."

Amida alitazama chumbani. Godoro la binti yao, Leila, lilikuwa sakafuni, pembeni ya meza ya kazi. 

"Mimi nilifunga dirisha kwa ajili ya moto," alisema.

"Hata mimi nilifunga zamani. Kumbe kinachotakiwa ni kuukinga moto, si kufunga chumba. Panga matofali ya kuhimili moto pande tatu. Dirisha liache wazi."

Sele aliinua tochi kubwa. "Na hii?"

"Hiyo itayeyusha bangili mkiwa mnaitazama. Ile ndogo inafaa hereni. Bangili ni nene, joto lote linakimbia. Mnataka ya kati, inayobadilishwa mdomo, na regulata, ile ya kupunguza nguvu ya gesi, iliyotengenezewa tochi hiyo. Ya jiko haifai. Paipu iwe mpya na klipu zake. Waya apelekewe nani?"

"Kuku," alisema Sele. "Afungiwe banda." Lakini hakucheka. Alikwenda na Madhuri mjini, akarudi na vifaa.

Amida hakuweza kutulia. Alihamisha meza hadi barazani, chini ya kivuli, kwa sababu juani rangi ya fedha ikipata moto haionekani vizuri. Akaweka ndoo ya mchanga. Akavua buibui la nailoni, akavaa gauni la pamba lenye mikono mifupi na kufunga kilemba kifupi. Sele aliposimamisha mtungi mbali na meza, Amida mwenyewe alipaka sabuni. Akatazama kila kiungo. Akatazama tena. Hapakuwa na povu.

Alivaa miwani, akawasha. Alianza na kipande cha shaba chenye ufa, kwa mazoezi. Alikizungushia moto chote, si penye ufa tu, kama Madhuri alivyomwagiza kabla ya kuondoka. Lehemu iling'aa ghafla, ikatiririka ndani ya ufa.

"Sasa bangili," alisema Sele.

Amida aliitazama bangili, kisha mbingu.  Jua lilikuwa linazama, na ufa haukuonekana vizuri tena.

"Kesho asubuhi," alisema.

"Na Zahra akipiga simu?"

"Mwambie ataivaa. Lakini si leo."

Alifunga mtungi kwanza, akaacha moto ujimalize wenyewe, ndipo akafunga tochi. Bangili aliiacha juu ya tofali, ufa wake umesafishwa, lehemu mpya pembeni. Kisha akachukua chetezo, akaingia chumbani. Alipiga magoti penye godoro la Leila, akanusa pale chini kwa muda mrefu. Akanusa pia barazani, karibu na mtungi.

Ndipo akaenda jikoni kutafuta makaa ya kufukizia udi tena.