Nilivyomfundisha Dada Kubisha Hodi

Jioni ile nilikuwa nafuata madaftari tu. Niliyasahau katika chumba cha walimu, na dada ndiye aliyenikumbusha tulipokuwa tukila. "Kayachukue sasa hivi, kabla giza halijaingia," alisema.

Nilikuwa na miezi mitatu katika shule ile ya ugenini, nikifundisha Kiswahili kwa mkataba wa mwaka mmoja. Binti yangu wa miaka sita nilimwacha kwa mama, na kila nikipiga simu alinihesabia siku zilizobaki nirudi. Mengi ya pale niliyazoea: chai isiyo na sukari, walimu wanaokula wamesimama. Moja lilinishinda. Hakuna aliyebisha mlango. Mtu anaingia tu, hata kama unabadilisha nguo. Nikasema wenzetu hawa hawakulelewa.

Huyo niliyemwita dada alikuwa mwalimu wa hesabu, chumba chake kikipakana na changu. Nilipougua wiki nzima alininywesha uji kwa kijiko. Akawa anakaa nyuma ya darasa langu, anajifunza Kiswahili pamoja na wanafunzi. Siku niliyofundisha hodi na karibu, alining'ang'ania.

"Na usipomjua anayebisha?"

"Tunaitikia kwanza, dada. Kuuliza ni baadaye."

"Bila kufikiri?"

"Ulimi unajisemea wenyewe," nikamjibu, nikacheka. Aliyaandika hayo, akayapigia mstari.

Basi nikaingia chumba cha walimu, nikarudishia mlango, nikaanza kuyapanga madaftari. Ndipo ikaja harufu... udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi..."

Sauti ilikuwa yangu. Ile ya darasani, ninapovuta silabi ili wanafunzi wanifuatishe.

"Karibu," nikasema.

Neno lilishatoka. Kitasa kikazunguka polepole. Mlango ukafunguka... hapakuwa na mtu. Baridi ikanipita ubavuni, na kiti cha pembeni yangu kikalia, kikaelemewa na uzito.

Nilikimbia hadi chumbani kwa dada. Nilimkuta anafunga begi huku machozi yanamtoka.

"Nisamehe," alinong'ona. "Kilinibishia nikiwa mgeni kama wewe, nikakikaribisha. Miaka tisa nalala nacho. Hakimwachi mtu mpaka mwingine akikaribishe kwa kinywa chake, na hapa wote wameshajua kunyamaza."

"Kwa hiyo ule uji..."

"Nilikupenda kweli, mdogo wangu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Angekuwa amenichukia tangu mwanzo, ningejua pa kuiweka hasira yangu.

"Kinataka nini?"

"Sijui. Najua tu kinakufuata uendako. Ndiyo maana sikurudi kwetu kuwaona wazazi, hata kuwazika."

Alfajiri alikuwa ameshaondoka. Hakuniaga.

Nami sikurudi nyumbani. Mkataba ulipoisha niliongeza mwaka, kisha mwingine. Mama alinitukana, akasema nimepata mwanaume nikasahau damu yangu. Heri binti anichukie akiwa salama. Kila usiku kile kitu kilipumua upande wa ukutani, nami nikajifunza kulala ukingoni mwa kitanda.

Juzi jioni chumba kilikuwa kimya. Hakuna harufu. Hakuna pumzi. Nilikagua chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kabatini. Hakuna kitu. Nililia kwa furaha, nikapiga simu nyumbani kusema ninarudi.

Binti yangu aliipokea huku anacheka.

"Mama, acha utani wako. Unanipigia simu ya nini na wewe uko mlangoni?"

"Mwanangu, sikiliza, usi..."

"Si nimeshakwambia karibu? Ingia basi."