Saa Iliyofichwa Kabatini

Duka la saa lilijaa watu wa Jumamosi, wengi wao wa kutazama tu, mkandarasi mmoja mwenye vumbi la saruji begani alipomkanyaga dada muuzaji.

"Samahani, dada."

"Umeniharibia kiatu. Sasa lazima ununue."

"Basi naitaka ile ya bluu."

"Ile ni ya maonyesho. Zikija nyingine wanapewa wateja wa siku nyingi. Anza na vitu vingine, ujulikane."

"Ninunue nisivyovitaka ndipo niuziwe ninachokitaka?"

"Ndiyo utaratibu, kaka. Sikuutunga mimi."

Saa aliitaka kwa ajili ya baba yake. Mzee aliitamani tangu ujana, kila alipoiona mkononi mwa mkubwa wake wa kazi, na sasa macho yake yalikuwa yanafifia. Mwanawe alitaka aione angalau mara moja. Hilo hakumwambia mtu. Alinunua mkufu, kalamu, vipuli, kisha akatanguliza malipo ya saa.

"Vipuli hivi atavaa nani?" dada alimuuliza. Suti yake nyeusi ilimkaa vizuri mno.

"Wewe."

"Sheria za duka haziruhusu."

"Vivae nje ya duka, mpenzi."

Akavivaa. Simu zikaanza.

"Umeniota, fundi wangu?"

"Sijalala, nikuoteje?"

Saa ilipofika, dada alishika simu ampigie, akaiweka chini. Aliwajua wateja: wakishapata walichokifuata, hawaonekani tena. Aliifungia kabatini.

"Bado, mpenzi. Vumilia kidogo," alimwambia kila alipoulizwa.

Mwezi ulipita ndipo dhamira ikamshinda. "Imekuja," alisema kwenye simu.

"Nilitaka baba aione, na sasa haoni tena. Tangu wiki iliyopita."

Dada angeweza kunyamaza. "Ilikuja mwezi uliopita," alisema huku analia. "Niliificha. Niliogopa ukiipata utaniacha."

Simu ikakatwa.

Kesho yake dada aliipeleka saa mwenyewe nyumbani kwao, kwa anwani aliyoiacha dukani. Mkandarasi alifungua mlango, akaziba njia.

"Umefuata nini?"

"Nimemletea mzee saa yake."

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Muuzaji, baba."

"Si aingie!"

Dada alipiga magoti, akamfunga mzee saa mkononi. "Nisamehe, baba. Ungeiona. Mimi ndiye niliyeichelewesha."

Kidole gumba cha mzee kilizunguka kioo taratibu, kikarudia.

"Bluu yake ikoje?"

"Ya wino, baba. Ukingoni inakaribia weusi." "Mishale ni myeupe, myembamba."

"Na ule wa sekunde?"

"Mwekundu nchani tu."

"Ndiyo yenyewe," mzee alisema, akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.

Dada aliinuka aende. Mzee alimshika mkono. "Unaniachia saa, nani atanisomea?"

Mkandarasi alijifuta uso kwa mkono wa shati, akavuta kiti, akakisogeza karibu na baba yake.

"Kaa," alimwambia dada. "Msomee."

Akakaa. Aliinamia mkono wa mzee, vipuli vikining'inia masikioni.

"Saa kumi na robo, baba."