Fukusi wa Nakundwa

Haya wanangu, sogeeni hapa. Shikeni masikio yenu. Yako mawili? Hakuna lililopotea?

Nakundwa naye alikuwa nayo mawili. Moja lilikuwa zima. Lingine, ole wake, lilikuwa na kelele.

Nakundwa alikaa mlimani, Upareni, na mama yake na kaka yake Kajiru. Zilikuwa siku za mavuno. Nyumba nzima ilijaa mahindi.

Mahindi sebuleni. Mahindi chini ya meza. Na gunia moja kubwa lilisimama chumbani, karibu kabisa na mto wa Nakundwa.

"Lala salama, Bwana Gunia," Nakundwa aliliambia kila usiku.

Ndani ya gunia walikaa fukusi. Mnawajua fukusi? Vidudu vyeusi, vidogo kama ufuta. Wanatoboa punje ya mahindi, wanakula cha ndani, wanaacha ganda na unga.

Usiku Nakundwa aliwasikia wakila.
Kru-kru. Kru-kru.

Akilipiga gunia kofi, pa! wote wananyamaza.
Akingoja kidogo, wanaanza tena. Kru-kru. Kru-kru.

Asubuhi moja Nakundwa aliamka, akasikia kru-kru. Akalipiga gunia. Pa!
Kru-kru.
Akalipiga tena. Pa!
Kru-kru. Kru-kru.

Kelele haikutoka kwenye gunia. Ilitoka ndani ya sikio lake.

"Mama! Mama! Fukusi ameingia sikioni mwangu!"

Mama alikuwa uani, anapukuchua mahindi. "Njoo nisikilize," alisema. Akaweka sikio lake kwenye sikio la Nakundwa. Akangoja.

"Hakuna kitu, mwanangu. Fukusi anakula mahindi, hali watu. Kaa hapa, tupukuchue."

Kajiru akacheka. "Kazi ikianza, na sikio linaanza! Jana lilikuwa tumbo. Kesho litakuwa kope!"

Nakundwa aliinamisha kichwa, akakitikisa. Hakutoka kitu.
Akarukaruka kwa mguu mmoja, hop, hop, hop. Hakutoka kitu.

Kru-kru. Kru-kru.
Anasikia yeye. Wengine hawasikii.

Nakundwa aliokota punje moja ya mahindi. Ilikuwa na tundu dogo. Akaipuliza. Fuu! Unga ukaruka. Ndani hamkubaki kitu.

"Na kichwa changu kitakuwa hivi," aliwaza.

Kichwani mwake mlikuwa na vitu vingi. Mlikuwa na nyimbo za kanisani. Mlikuwa na njia ya kwenda mtoni. Mlikuwa na sura ya Mama, na jina lake mwenyewe.

"Fukusi ataanza na nini?" aliwaza. "Ataanza na nyimbo? Au ataanza na jina langu?"

Tangu siku hiyo, kila akiamka, Nakundwa alipapasa mto wake. Alitafuta unga.

Hakuuona. Lakini kelele haikuisha.

Kru-kru. Kru-kru.
Anasikia yeye. Wengine hawasikii.

Kanisani watu waliimba, naye akawasikia kama wako ng'ambo ya mlima. Mama alipomwita, hakugeuka.

"Nakundwa! Nimekuita mpaka sauti imenikauka!"

"Abee, Mama. Sikusikia."

"Hukusikia, au hukutaka?"

Nakundwa angejibu nini? Alikuwa ameshasema. Alikuwa amesema, na kusema, na kusema.

Jioni, kabla ya kulala, wote walipiga magoti. Mama akafumba macho.

"Ee Mungu Baba, asante kwa mahindi. Na huyu Nakundwa wangu, mwondolee uvivu. Mwondolee na uongo. Amina."

"AMINA!" akasema Kajiru kwa nguvu.

Nakundwa hakusema Amina. Sala yote alikuwa ameisikia kwa lile sikio zima.

Alipanda kitandani, akajifunika mpaka kichwani.

"Sasa hata Mungu ameambiwa hakuna kitu," aliwaza. "Nimwambie nani tena?"

Alilia bila sauti. Bwana Gunia hakusema neno.

Kru-kru. Kru-kru.
Anasikia yeye. Wengine hawasikii.

Kulipokucha, sikio lilimuuma. Nakundwa akapapasa mto wake. Akagusa mahali palipolowa.

Akatazama. Palikuwa na doa dogo la njano.

"Unga umeanza kutoka," alisema polepole. "Umelowa kwa machozi."

Akageuza mto, doa likae chini. Hakumwambia Mama. Alikuwa amechoka kusema.

Akamwendea Kajiru. "Kaka, jina langu ni Nakundwa."

"Nalijua. Kwani vipi?"

"Likija kuisha kichwani, utanikumbusha?"

Kajiru alitaka kucheka. Kicheko hakikuja. Alimtazama mdogo wake. Shavu moja lilikuwa limevimba kidogo, na macho yalikuwa mekundu.

Kajiru akakimbia uani. "Mama, njoo. Nakundwa haigizi."

Mama akaja. Akaona mto umegeuzwa. Akaugeuza tena, akaliona doa.

Akakaa kitandani, pu! "Jamani, mwanangu," alisema. "Vaa viatu. Tunakwenda hospitali."

"Na mahindi yaliyoanikwa?" aliuliza Kajiru.

"Yaache juani. Mvua ikija, wewe ndiye baba mwenye nyumba."

Mama na Nakundwa wakashuka mlima. Wakashuka, wakashuka. Na fukusi akashuka nao. Kru-kru. Kru-kru.

Hospitalini palikuwa na benchi refu. Hapo wanakaa wagonjwa wa masikio, na wa pua, na wa koo.

Mtoto mmoja alikuwa na pamba puani. Babu mmoja alisema, "Karibuni, kaeni," na sauti yake ilikwaruza kama jogoo mwenye mafua.

Siku nyingine Nakundwa angecheka. Siku hiyo hakucheka.

Wakakaa. Wakangoja. Wakangoja sana.

Kru-kru.
Kru...
Kisha, kimya.

Nakundwa akangoja tena. Kimya.
Akagusa sikio. Kimya.

Moyo wake ukashuka mpaka kwenye viatu. "Sasa daktari naye atasema hakuna kitu," aliwaza. "Na safari hii hata mimi sisikii."

Mama akainama. "Vipi, mwanangu? Kelele bado ipo?"

Nakundwa alitamani kusema, "Ipo." Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini neno lile lisingekuwa kweli.

"Imenyamaza, Mama."

Mama akashusha pumzi. "Mungu ashukuriwe, basi umepona! Twende, mama. Tazama lile wingu, na mahindi yako nje."

Mama akasimama. Akajifunga khanga vizuri.

Nakundwa hakusimama. Alishika benchi kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ukilipiga gunia, fukusi wanafanyaje?"

"Wananyamaza."

"Wanakuwa wametoka?"

Mama akalitazama wingu. Akamtazama mwanawe.

"Hawajatoka," alisema.

Akakaa tena kwenye benchi. Wingu likakua, likawa jeusi. Mama hakulitazama tena.

"Nakundwa Mbwambo!" aliita nesi.

Ndani alikuwamo Daktari Mchome, mama mmoja mrefu, na taa imefungwa kwenye paji la uso wake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Nani ameniletea sikio leo?"

"Ni mimi."

"Haya. Linasemaje?"

Nakundwa akashangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Lilikuwa linasema kru-kru," alisema. "Lakini sasa limenyamaza. Lilikuwa linasema kweli, Daktari."

Daktari hakucheka. "Aliyenyamaza huenda yupo. Ngoja tupige hodi."

Akaanza na sikio zima. "Naanza na hili lisije likaona wivu. Mh. Hili salama."

Kisha akageukia lile lingine. Akalivuta juu kidogo, taratibu. Akaingiza kidude chembamba chenye mwanga. Akatazama.

Akatazama tena.

"Yupo," alisema Daktari.

"Yupo nani?" aliuliza Mama.

"Fukusi. Kakaa huko ndani, kageuza mgongo kama mgeni aliyenuna."

Nakundwa akaanza kulia. Hakulia kwa maumivu.

"Umemwona, Daktari? Umemwona kweli?"

"Nimemwona kwa macho yangu haya. Mama, sogea na wewe umwone."

Mama akasogea, akatazama. Alitazama muda mrefu.

"Nimemwona," alisema Mama. "Ulisema kweli, mwanangu. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza."

Daktari akanawa mikono. "Sasa, bibie, usitikisike hata kidogo. Unaweza kutulia kama jiwe?"

"Nitatulia kama gunia," alisema Nakundwa.

Daktari akadondosha dawa sikioni. Ti. Ti. Ti. Ilikuwa ya uvuguvugu na ilitekenya.

Wakangoja.

Daktari akachukua kikoleo chembamba kama mguu wa panzi. Nakundwa akafumba macho. Mama akamshika kichwa.

Krr...
Krr...
Pyu!

Juu ya pamba nyeupe alilala fukusi. Mdogo! Mweusi! Miguu juu!

Nakundwa akamtazama. Kisha akauliza lile swali alilolibeba siku zote hizo.

"Daktari, amekula kiasi gani?"

"Amekula nini?"

"Kichwa changu. Nyimbo zangu."

Daktari Mchome akavua taa yake. Akachuchumaa, macho yake yakalingana na macho ya Nakundwa.

"Hakula hata wimbo mmoja," alisema. "Huyu alipotea njia tu. Alikuwa anakwaruza akitafuta mlango. Ngozi imechubuka, ndiyo maana maji yametoka. Kile kingozi cha ndani cha kusikilizia ni kizima. Kichwa chako kimejaa vilevile."

"Na jina langu?"

"Hebu lijaribu."

"Nakundwa," alisema Nakundwa.

Akalisikia upande huu. Akalisikia na upande huu. Akatabasamu.

Daktari akampa Mama dawa ya matone. "Asubuhi na jioni. Na tafadhali, kijiti marufuku. Kumimina mafuta marufuku. Likisema tena, mleteni."

Wakapanda mlima. Mvua ikawanyeshea njia nzima, na Nakundwa akaisikia yote. Tap-tap upande huu. Tap-tap upande huu.

Nyumbani walimkuta Kajiru amelowa chapachapa. Mahindi yote yalikuwa ndani, makavu.

Na chumbani, karibu na mto, palikuwa patupu.

"Bwana Gunia amehamia stoo," alisema Kajiru. "Nimemburuta mwenyewe. Amenikanyaga kidole!"

Jioni wote walipiga magoti. Mama akafumba macho.

"Ee Mungu Baba," alisema, "ile sala yangu niliomba vibaya. Nilikwambia mwanangu ni mvivu na mwongo. Kumbe aliumwa, nami sikumsikia. Nisamehe. Na wewe, Nakundwa, nisamehe mama yako."

"Na mimi nilisema Amina kwa nguvu," alinong'ona Kajiru. "Nisameheni."

Nakundwa akafungua jicho moja. "Mama, Mungu aliposikia ile sala, aliiamini?"

Mama akamvuta karibu.

"Hapana," alisema. "Yeye alikuwa anasikia kru-kru."

Nakundwa akalifumba tena lile jicho.

"Amina," alisema.

Akapanda kitandani. Mama akalala kando yake kidogo, akaweka sikio lake kwenye sikio la Nakundwa.

"Unasikia nini, Mama?"

"Kimya. Na wewe?"

"Hata mimi. Kimya."

Nakundwa akapapasa mto wake mara moja tu. Hapakuwa na unga.

Akalala.

Nanyi wanangu, shikeni tena masikio yenu. Ni mazima? Basi yafunikeni, tulale.