Kikombe Kwenye Msumari

Waruguru alikuwa na mdomo. Kule Thika, kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi, hata msimamizi alimwogopa kidogo. Ndiyo maana wenzake walimchagua awe mwakilishi wao. "Mama Kagwe hanyamazishwi," walisema, naye alipenda sana kusikia hivyo.

Sasa kulikuwa na shida kiwandani. Kampuni ilitaka wafanyakazi waje hata Jumapili. Waruguru akawaalika wenzake nyumbani kwake Kimbo, huko Ruiru, wapange la kufanya.

Nyumbani alikuwa na msaidizi, Mumo, aliyetoka upande wa Yatta. Mumo alipika, alifua, alimlea Kagwe, mtoto wa Waruguru. Mtoto wa Mumo mwenyewe alikuwa akilelewa na nyanya yake huko nyumbani.

Ijumaa asubuhi Mumo alisema, "Mama Kagwe, Jumapili mtoto wangu anabatizwa. Naomba niende. Nitarudi Jumatatu mapema."

"Jumapili hii? Na wageni wangu, nani atawapikia chapati?"

"Sijaenda nyumbani tangu Pasaka."

"Mumo, usinianze. Hapa unakula, unalala. Unataka nini kingine?"

Mumo akatoka nje ya mlango wa jikoni, akachukua kikombe chake cha bati kwenye msumari, akanywa chai akiwa amesimama. Vikombe vya kabatini aliviosha tu, hakuvinywea. Waruguru hakuona ubaya wowote. Si hata majirani walifanya hivyo?

Jumapili mchana wageni walifika. Tabby wa chama cha wafanyakazi alikuja pia. Mama yake Waruguru, ambaye nyumbani walimwita shosho, yaani nyanya, alikuwepo, maana alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Alipita jikoni akamkuta Mumo akisukuma chapati, macho mekundu.

"Unalia, mama?"

"Ni kitunguu, shosho."

Shosho akatazama huku na huku. Hakukuwa na kitunguu.

Sebuleni Tabby alikuwa akieleza. "Sheria ya kazi iko wazi. Kila wiki mfanyakazi lazima apate angalau siku moja ya kupumzika. Si zawadi, ni haki."

Waruguru akaruka juu. "Sisi si punda! Mkoloni alitoka, hawa matajiri wakakalia kiti chake!"

Wakampigia makofi. Mumo akaleta chai, akamimina, akarudi nje. Shosho hakugusa yake. Alitoka polepole, akarudi na kikombe cha bati mkononi.

"Waruguru, niwekee chai kwa hii."

"Haiya, maitu! Mama, hiyo ni ya Mumo."

"Naijua. Mama yangu alikuwa akifua nguo kwa Mzungu wa kahawa, hapa hapa Ruiru. Chai yake alipewa nje, kwa kikombe cha bati cha msumari. Mzungu akaenda. Shamba likanunuliwa na mtu wetu. Tuliimba, tukacheza! Mama akarudi kazini, akakuta kikombe palepale." Akakigeuza kikombe mkononi. "Sikujua kimefika hadi kwa mtoto wangu."

Waruguru akatafuta la kusema. Mdomo wote ule, hakuna kitu. Uso ulimchoma kwa aibu. Wenzake waliangalia sakafu, maana wengine wao walikuwa na kikombe kama hicho kwao.

"Tabby," akasema mwishowe, "hiyo sheria, inawahusu wa nyumbani pia?"

"Inawahusu. Siku ya kupumzika, likizo, makubaliano ya kuandikwa, mshahara usiopungua kiwango cha serikali. Nao ni wafanyakazi. Na nimekunywa chai ya Mumo hapa mara ngapi, nikanyamaza? Hata mimi naona aibu."

Waruguru akaenda jikoni. "Mumo, ubatizo ni saa ngapi? Nitakupa nauli sasa hivi."

"Ulikuwa asubuhi, Mama Kagwe. Umeisha." Akamwonyesha picha kwenye simu. Mtoto alikuwa amevaa nguo nyeupe. "Ameitwa Janice."

"Nisamehe, Mumo."

"Chapati zinaungua," Mumo akasema, akazigeuza.

Wiki hiyo waliandika makubaliano, Tabby akiwasaidia. Mshahara uliongezwa, na Jumapili ikawa ya Mumo. Jumapili ya kwanza Mumo alienda kumbeba Janice wake. Waruguru alipika chapati mwenyewe, zikatoka na pembe, Kagwe akacheka hadi akaanguka. Kiwandani pia walishikilia haki yao, na kampuni ikawaachia Jumapili. Kwenye mkutano huo na kampuni Waruguru aliongea kwa sauti ya chini, akikumbuka kikombe cha msumari.

Mumo aliporudi, Waruguru alimwekea chai mezani kwa kikombe cha kabatini. Mumo akakichukua, akatoka nacho nje, akasimama mahali pake.

"Mumo, si ukae ndani?"

"Nimezoea hapa."

Aibu ikamrudia Waruguru upya. Akachukua chai yake, akatoka, akasimama kando yake. Wakanywa bega kwa bega.

Baadaye Mumo akasema, "Mama Kagwe, miguu inaniuma. Twende tukae."