Mzungu Kichwani mwa Mzee Silima

Nyumba ya Mzee Silima ilikuwa Konde, kisiwani Pemba, nyuma ya soko. Msimu wa karafuu, mkewe, Bi Mwanamize, alianika karafuu uani kila asubuhi. Binti yao, Mwanapili, alizigeuza juani na kuwafukuza kuku. Mzee Silima mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa ndani. Akisha kuswali alfajiri, alikwenda barazani kunywa kahawa. Kisha alipanda mikarafuu, akashuka akiimba.

Tena alikuwa bingwa wa mchezo wa ng'ombe. Katika mchezo huo, dume hufungwa kamba ndefu, watu huzunguka uwanja, na wanawake huimba. Mchezaji huingia na shuka mkononi kumchokoza. Wengi huingia kwa madaha, wakamalizia juu ya miti. Mzee Silima hakukimbia hata siku moja.

Lakini mwaka ule wa 1960, masika yalipokwisha, Mzee Silima aliingia ndani akakaa. Kahawa haendi. Msikitini haendi. Msimu wa karafuu ukafika, mikarafuu hapandi. Akijaribu kutoka, hufika kwenye mfenesi ulio mbele ya nyumba, mara hushika kifua. Jasho humtoka, akarudi ndani mbio. Usiku halali. Chakula hukigusa tu.

Akiulizwa, husema, "Sina kitu. Niacheni."

Na harusi ya Mwanapili ilikuwa karibu. Mchumba wake, Nyange, alikuwa kijana wa Vitongoji. Siku moja baba yake Nyange, Mzee Abrahman, alifika Konde. Alikunywa maji, akafuta midomo, akasema:

"Bi Mwanamize, njiani tumesikia mengi. Wengine wanasema mwenzetu ana wazimu. Mie sipendi maneno. Siku ya ndoa namtaka Silima mwenyewe msikitini, amwozeshe bintiye kwa ulimi wake. Ikiwa hawezi, itabidi tuzungumze upya."

Kila mtu alijua maana ya kuzungumza upya. Mwanapili aliingia jikoni akalia, na wali ukaungua.

Jioni ile akaja Bi Moza, dada yake Mzee Silima. Bi Moza hakuwa mganga. Lakini ngoma za mapepo alizohudhuria zilikuwa nyingi kuliko harusi.

"Hebu niambie, wifi," alisema. "Silima anapenda kelele?"

"Hataki kuzisikia," alijibu Bi Mwanamize.

"Watu je?"

"Hataki kuwaona."

"Madirisha?"

"Anataka yawe wazi usiku kucha. Anasema anakosa pumzi."

"Muhogo?"

"Jana kausukuma."

Bi Moza akapiga kofi. "Basi! Hataki watu, hataki kelele, hataki muhogo, anataka upepo. Huyo ni Mzungu!"

"Mzungu yupi, wifi?"

"Pepo wa Kizungu! Kampanda kichwani. Angekuwa Mhabeshi angetaka kahawa, na huyu kaikimbia kahawa. Angekuwa Mwarabu angetaka halua na udi. Mzungu anataka meza."

Meza ikatafutwa. Jirani yao, Mjaka, aliwahi kuwa mpishi wa bwana mmoja wa Serikali huko Wete. Akaleta meza yenye mguu mmoja mfupi, kitambaa cheupe, uma, kisu, na soksi ndefu.

"Soksi za nini?" aliuliza Mwanapili.

"Mzungu hali chakula cha jioni bila soksi," alisema Mjaka. "Unamfundisha nani? Mie nimewapikia."

Mzee Silima akakalishwa mezani. Soksi zilimfika magotini. Mkate ukawekwa mbele yake. Aliushika uma kama mtu aliyeshika mkia wa nge.

"Dada, mie..." alianza.

"Nyamaza!" alisema Bi Moza. "Bado hujaulizwa jina!"

Mjaka akasimama wima, mikono nyuma. "Gudi moning, sa!" alisema, na magharibi ilikuwa imeshaingia.

Mzee Silima alimtazama Mjaka. Akazitazama soksi.

"Kakataa kujibu," alisema Bi Moza. "Kizungu chako kibovu, Mjaka. Tena hakuna jamu. Nani atakula mkate mkavu? Wifi, kesho nenda dukani. Utafute jamu, na mtu wa kutufasiria."

Kesho yake Bi Mwanamize alikwenda kwenye duka la Bwana Jivraj. Siku hiyo aliyekuwa dukani ni Shirinbai, binti yake Bwana Jivraj. Shirinbai alikuwa nesi. Alizaliwa Konde, akasomea kazi yake Unguja na kisha Uingereza. Sasa alikuwa amekuja likizo kwa wazee wake.

"Jamu?" alisema Shirinbai. "Nani anakula jamu kwenu, Bi Mwanamize?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mzungu."

"Mashallah. Kafikia wapi?"

"Kichwani mwa mume wangu."

Shirinbai alitaka kucheka. Lakini aliona macho ya Bi Mwanamize yamevimba, akajizuia. Akamvutia kiti. Bi Mwanamize akamweleza yote, tangu mfenesi mpaka soksi.

"Mume wangu Kizungu hajui," alimaliza, "na mgeni wake Kiswahili hataki. Tunakuomba, mwanangu, uje utufasirie. Harusi ya Mwanapili itavunjika."

"Nitakuja," alisema Shirinbai. "Lakini mkalimani na mgeni hukaa wawili tu. Wengine mtatoka nje."

Jioni Shirinbai aliingia chumbani kwa Mzee Silima. Watu wakatoka, lakini hawakwenda mbali. Bi Moza alitia sikio mlangoni. Mjaka alitia la kwake juu ya la Bi Moza.

Shirinbai alisema maneno machache ya Kizungu kwa sauti kubwa, ili walio nje waridhike. Mzee Silima akamwinamia.

"Mwanangu, usijisumbue," alinong'ona. "Mie Kizungu sijui. Mie ni Silima."

"Najua, Mzee. Nami nimekuja kwa Silima."

"Basi usiwaambie. Wamehangaika sana na hiyo meza."

"Sasa mbona ulikubali kuvaa soksi?"

Mzee Silima alifikiri kidogo. "Mwenye pepo haulizwi anaogopa nini," alisema.

"Mimi nakuuliza. Ilianza lini?"

Mzee Silima alishtuka. Tangu atajwe Mzungu, maswali mengi yalikuwa yameulizwa katika nyumba ile, lakini yote aliulizwa pepo. Hili lilikuwa la kwanza kuulizwa Silima.

"Tangu alipokufa ndugu yangu Khatib," alisema pole pole. "Tulikuwa barazani. Akaniambia, 'Yakhe, kahawa ya leo kali.' Akaweka kikombe, akaniegemea begani. Mie nikamtania, 'Ondoka, mzito weye.' Kumbe ndiyo anakwenda. Tangu siku ile, moyo ukinienda mbio, nasema na mie ndiyo nakufa. Nikifika kwenye mfenesi naiona ile baraza kwa mbali. Mie, niliyesimama mbele ya madume ya ng'ombe! Nitamwambia nani kwamba naogopa baraza ya kahawa?"

"Umeshaniambia mimi," alisema Shirinbai. "Sasa nisikilize, Mzee. Huna wazimu. Haya ni maradhi ya hofu, na ndani yake mna huzuni ya msiba. Yanawapata watu wengi kuliko unavyodhani. Hata Wazungu."

Mlango ukafunguka ghafla. Bi Moza akaanguka ndani, na Mjaka akaanguka juu yake.

"Hata Wazungu?" alisema Bi Moza hali yuko chini. "Wanapandwa na nani?"

"Na pepo wa Kipemba," alisema Mjaka. "Anawadai muhogo."

Safari hii Shirinbai alicheka. Akawaita wote wakae.

"Kule Uingereza nilimwuguza mama mmoja," alisema. "Kila akienda kununua mkate, moyo humwenda mbio, hurudi kwake mbio bila mkate. Kule walisema mishipa yake ya fahamu imechoka. Bibi yangu alipokuwa Bara Hindi alipatwa na hali kama hiyo, akisema moyo wake unazama. Hapa mnasema mtu kapandwa kichwani. Mwingine huumwa tumbo, mwingine kifua, mwingine huona mwili unawaka moto. Kila nchi ina jina lake na namna yake ya kueleza. Lakini ukikaa na mgonjwa, mengi atakayokwambia yanafanana. Silali. Naogopa. Nimechoka."

"Na dawa je?" aliuliza Bi Mwanamize. "Nayo iko mbali mbali?"

"Sana. Kule madaktari ni wengi. Lakini watu wanaona haya, wanajificha. Yule mama alikaa miaka bila kumwambia hata jirani. Hapa hakuna kujificha. Mmemwekea mpaka meza, na Konde nzima inajua. Lakini hakuna aliyempeleka kwa daktari. Yule mama alikuwa na daktari, hakuwa na jamaa. Mzee Silima ana jamaa, hana daktari. Mgonjwa anavitaka vyote viwili."

"Na Kurani?" aliuliza tena Bi Mwanamize.

"Msomeeni. Inatuliza moyo. Lakini apimwe pia."

Mzee Silima akatikisa kichwa. "Watanipeleka Unguja, wanifungie pamoja na wendawazimu."

"Hapana, Mzee. Maradhi haya hutibiwa mtu akiwa kwake, kati ya watu wake. Nitakwenda nawe mwenyewe."

Siku ya pili walipanda gari la abiria kwenda hospitali ya Wete. Mzee Silima alifumba macho njia nzima. Daktari alimsikiliza kifua na mgongo, akampima damu.

"Moyo wako mzima," alisema daktari. "Ni mzima kuliko gari lililokuleta."

Alimpa vidonge vya kumsaidia kulala, vya siku chache tu, akamwambia asivizoee. Akamwambia apunguze kahawa na tumbaku. Kisha akasema, "Dawa kubwa ni hii. Hofu ikija, usiikimbie. Simama, vuta pumzi pole pole, ingoje ipite. Kila siku nenda mbele kidogo kuliko jana."

Mara uso wa Mzee Silima ukafunguka.

"Kumbe ni ng'ombe!" alisema.

"Ng'ombe gani?" aliuliza daktari.

"Dume la ng'ombe ukilikimbia, litakufuata mpaka kwenu. Ukisimama, ukatuliza pumzi, linakuja, linapita pembeni, linachoka."

"Basi mcheze vivyo hivyo," alisema Shirinbai.

Asubuhi iliyofuata Mzee Silima alitoka mpaka kwenye mfenesi. Moyo ukaanza kwenda mbio. Akasimama, shuka mkononi, akavuta pumzi. Nyuma yake alisikia sauti. Bi Moza alikuwa amewakusanya wanawake wa mtaani, nao wanaimba nyimbo za mchezo wa ng'ombe. Mkononi Bi Moza alishika ule uma.

"Uma wa nini, dada?"

"Huenda Mzungu akarudi. Mie najiandaa tu."

Mzee Silima akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba. Na alipokwisha kucheka, aliona kwamba bado amesimama chini ya mfenesi, na hakufa.

Ikawa ndiyo kazi yake. Alikwenda mpaka kisimani, kisha mpaka sokoni. Siku nyingine alirudi nyuma, akalala kutwa, akasema hatatoka tena. Bi Mwanamize hakumgombeza. Alikaa naye wakamzungumza Khatib, ubishi wake na vichekesho vyake. Kesho yake akatoka tena.

Siku alipofika barazani, aliketi pale pale alipokuwa akiketi na ndugu yake. Akalia mbele za watu. Hakuna aliyemcheka. Mjaka alimsogelea.

"Bwana Silima," alisema chini chini, "na mie yalinipata, mwaka ule mwanangu alipozama. Nilisema naumwa mgongo."

Siku ya ndoa ikafika. Msikiti ulijaa watu. Mzee Abrahman aliketi mbele, macho yake kwa Mzee Silima. Shehe akasoma hotuba. Mzee Silima akaushika mkono wa Nyange ili amwozeshe.

Hapo hapo moyo ukaanza. Jasho likamtoka. Watu wakangoja. Mzee Silima aliubana mkono wa Nyange, na bwana harusi akafumba macho kwa maumivu.

Mzee Abrahman akainama. "Vipi, bwana?" alinong'ona.

"Subiri kidogo," alijibu Mzee Silima. "Anapita."

"Nani anapita?"

"Ng'ombe."

Mzee Abrahman akageuka kutazama mlango wa msikiti. Hakuona ng'ombe. Alipogeuza uso tena, Mzee Silima alikuwa amevuta pumzi pole pole, na mabega yake yameshuka. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka safu ya nyuma:

"Ewe Nyange bin Abrahman, nimekuozesha binti yangu Mwanapili."

"Nimekubali," alisema Nyange upesi, ili aachiwe mkono.

Baada ya pilau, Mzee Abrahman alimvuta Mzee Silima pembeni. "Yule ng'ombe," alisema, "sikumwona."

Mzee Silima hakuficha. Alimweleza habari ya Khatib, na hofu, na nesi, na daktari, na mfenesi. Mzee Abrahman alisikiliza akitazama chini. Kisha akatazama huku na huku, akasogea karibu zaidi.

"Mama yake Nyange," alisema, "ana miezi hatoki chumbani. Halali, analia bila sababu. Sisi tunawaambia watu ana homa. Huyo nesi wenu... atamwona?"

"Atamwona. Nitakupelekeni mwenyewe mpaka Wete," alisema Mzee Silima, akamshika bega. "Ila usimwambie dada yangu. Meza bado iko uani."